Shangazi, hii ndiyo habari ya ndege

Najua nimeadimika, zamu za usiku zimefuatana mpaka nasahau siku. Leo niko mapumziko, nguo ziko kwenye mashine, nimeona nimjibu shangazi aliyeniuliza mara tatu kwenye simu: "Kwani huko Sydney ndege ni chache, mbona kuja kuzika ulishindwa?" Shangazi, sogeza chai karibu, swali lako lina historia.

Wodini kwetu kuna mama mmoja, nesi mwenzangu, Mwaustralia. Kabla ya kusomea unesi alikuwa mhudumu wa ndege. Usiku mmoja wagonjwa wamelala akanisimulia asubuhi ya tarehe 14 Septemba 2001: anajiandaa kwenda kazini, redio inasema ndege zote za Ansett zimesimama. Basi, kama hivyo! Watu wapatao 16,000 hawana kazi, abiria maelfu wamekwama viwanjani. Na zilikuwa zimepita siku tatu tu tangu mashambulizi ya Marekani, dunia nzima inatazama kwingine.

Jamani, lilikufaje shirika kubwa vile? Ansett ilianza 1936 na ndege moja ya Reg Ansett, huko Victoria. Mwaka 1946, uleule ilipoanza East African Airways ya kwetu, serikali ya Australia ikaanzisha TAA, ya safari za ndani. Baadaye ikawekwa sera kwamba njia kubwa za ndani ni za mashirika hayo mawili tu. Nauli sawa, ratiba karibu sawa, abiria unachagua rangi ya ndege! Qantas yenyewe ilikuwa ya safari za nje. Utaratibu huo ukafutwa 1990. Compass ikaingia na bei za kutupa, mwaka mmoja tu ikafa.

Jambo kubwa likaja 1992. Qantas ikainunua Australian Airlines, ndiyo TAA iliyobadili jina, kwa dola milioni 400. Nawaambieni, fikirieni Ubungo ya enzi zile. Mwenye mabasi ya Arusha ananunua na daladala zote zinazoleta watu kituoni. Abiria anakata tiketi moja, mzigo unapokelewa mpaka mwisho wa safari, na yule mwenye basi jingine anabaki kupiga debe kwa watu ambao hawafiki. Qantas sasa iliweza kumchukua mtu Cairns au Adelaide, ikampitisha Sydney, ikamshusha London, bila kumwachia mwingine hata senti. Ansett ikajibu kwa kuanza kuruka nje, Bali, kisha Osaka, lakini wamechelewa. Halafu ilikuwa na ndege za aina nyingi mno, kila aina na mafundi wake na vipuri vyake. Air New Zealand ikanunua nusu 1996, nusu ya pili 2000, mwaka uleule Virgin Blue inaingia na nauli za chini. Pasaka ya 2001 wakaguzi wakazisimamisha Boeing 767 zake kwa sababu ya matengenezo. Septemba haikumaliziki.

Serikali ikatoza dola 10 kwenye kila tiketi ili wafanyakazi walipwe haki zao. Yule mama anasema naye alilipa dola 10 hizo akienda kumwona mama yake. Yaani alijichangia mafao yake mwenyewe! Alicheka. Mimi sikucheka, niliwaza 1977 yetu. Wenzetu waliunganisha, sisi tuligawana. East African Airways ilipovunjika, Kenya ikaunda Kenya Airways Januari, sisi Air Tanzania Machi, lakini kitovu kikabaki Nairobi. Mwaka 1996 KLM ikachukua asilimia 26 ya Kenya Airways. Sisi 2002 tukaiuzia South African Airways asilimia 49 ya ATC, tukaachana 2006. Kwa maoni yangu tulimpa mwenye basi daladala zetu.

Sasa nije kwenye safari yangu. Mwaka 2013 Qantas ilishikana na Emirates, ikahamisha kituo chake cha kwenda Ulaya kutoka Singapore kwenda Dubai. 2018 ikarudi Singapore. Qatar Airways iliomba safari 28 zaidi kwa wiki kuja Australia, Qantas ikapinga, mwaka 2023 serikali ikakataa. Ikapita dirishani: 2025 ikanunua asilimia 25 ya Virgin Australia, na Juni mwaka huo Virgin ikaanza kuruka Sydney mpaka Doha.

Mama mdogo alifariki 2023, katikati ya mvutano huo. Nilikaa na simu mpaka saa tisa usiku. Nauli niliyoipata ilizidi mshahara wangu wa wiki mbili, ya kubadili ndege mara mbili, na ningefika siku mbili baada ya mazishi. Nikatuma hela ya sanda na chakula, nikaenda zamu. Shangazi, sikuwa nimewasahau.

Desemba nakuja, tiketi nimeshakata. Anayetaka kitu aniandikie mapema, mzigo mwisho kilo 30, na kaka usianze habari za televisheni. Mashine imeshasimama, ngoja nianike.

Wasalaam.