Fulusi za Kilwa na Baraza la Wakusanyaji

Katika mwambao wetu, khasa Kilwa na Mafia, mtu apitaye penye magofu baada ya mvua kubwa kuusomba mchanga huenda akaona kijiduara cha shaba kilichoshika kutu ya kijani, chembamba, kipenyo chake yapata sentimita mbili, na akikitazama kwa makini penye mwanga wa jua la asubuhi akatambua kwamba pande zake zote mbili zimeandikwa khati ya Kiarabu. Hiyo ni fulusi ya masultani wa Kilwa, nayo ni katika sarafu chache mno zilizopigwa na watu wa Afrika kusini ya Sahara kabla ya Wareno kuingia katika bahari hii.

Jambo la kwanza limshangazalo azisomaye ni kwamba hazina mwaka wala hazitaji mji. Dinari ya Misri ya zama hizo humwarifu mtu ilipigwa wapi na lini. Fulusi ya Kilwa yataja jina la sultani na la baba yake upande mmoja, na upande wa pili yashuhudia kwamba mwenye jina hilo tegemeo lake ni Mwenyezi Mungu, basi. Lakini maneno hayo machache yamepangwa kwa ufundi ambao kila mpenda mashairi atauonea fahari, kwa kuwa pande mbili hizo zimefungwa kwa kina kimoja: Ali bin al-Hasan amekutanishwa na sifa ya Mola mwenye neema, sifa ambayo kwa Kiarabu huishia sauti ile ile ya mwisho wa jina la baba yake, na masultani waliomfuata nao wakatafutiwa kila mmoja sifa ya Mungu iwezayo kukaa na jina lake. Hivyo shaba iliyopita mikononi mwa wavuvi na wachuuzi ilikuwa ni beti la mishororo miwili, ambalo halikamiliki mpaka mtu aigeuze sarafu kiganjani.

Mashuhuri kuliko wote ni al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu wake kwa maskini na kwa masharifu. Fulusi zake za shaba ni nyingi, na moja ilisafiri hata ikaokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, upande wa nchi ilikotoka dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Ama za dhahabu zenye jina lake, zilizotangazwa na wataalamu mwaka 1991 ni tatu tu.

Basi yatupasa kuuliza: sarafu isiyo na mwaka wala mji, elimu yake ilipatikanaje? Ilipatikana kwa watu kukutana. Mjini London, mwaka 1836, wapenda sarafu waliunda jumuiya yao, ambayo baadaye ilipewa hadhi ya kifalme, na ada ya vikao vyake ilikuwa ni kwamba mwanachama huja na alichokipata, kikapita mkono kwa mkono, mmoja akasoma makala aliyoiandika na wengine wakahoji, wakasahihisha, wakatoa vya kwao vya kulinganisha. Katika jarida la jumuiya hiyo ndimo John Walker, mtaalamu wa sarafu wa Makumbusho ya Uingereza, alimochapisha mwaka 1936 utafiti wake juu ya tarikhi na sarafu za masultani wa Kilwa, akiyapima majina yaliyomo katika shaba kwa nasaba iliyomo katika tarikhi ya Kiarabu ya Kilwa na katika ile aliyoinakili Mreno João de Barros karne ya 16. Mahali pengine shaba na karatasi ziliafikiana, na mahali pengine zikatengana, kwani zimo sarafu zenye lakabu ya Nasir al-Dunya, mtu ambaye waandishi wa tarikhi hawakumtaja kabisa.

Hata hivyo mezani pa London lilikosekana jambo moja kubwa, nalo ni ujirani wa sarafu katika ardhi. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilichimbuliwa hazina ya vipande vidogo vya fedha zaidi ya 2,000, vyenye majina ya watawala wa mwambao na maneno yenye vina kama yale ya Kilwa, Ali bin al-Hasan akiwa miongoni mwao. Na pamoja navyo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Makhalifa wa Kifatimi. Fedha zile hazikuwa na mwaka, lakini dinari zilikuwa nao, na kwa sababu zilizikwa pamoja, dinari zikawatolea wenzao ushahidi: Ali bin al-Hasan alikuwa mtawala wa karne ya 11. Lau hazina ile ingalifukuliwa usiku na mtu mwenye haraka, dhahabu ikaenda kwa sonara na fedha zikatawanywa madukani, hapana mwanachuoni ambaye angaliweza kuzirudishia tarehe yake.

Kwa ajili hiyo mkusanyaji mwema hutambulikana kwa bahasha zake kabla ya sarafu zake. Hushika kingo, hagusi uso. Haisugui kwa ndimu wala kwa majivu, kwani ile kutu ya kijani ikilazimishwa hung'oka na herufi zake. Huipima uzito, kisha huitia katika bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake ilipookotwa, na nani, na siku gani, na palikuwa na nini kando yake. Mtu akiketi mara moja katika baraza la wenye desturi hiyo ataona kwamba swali la kwanza wanalomwuliza mgeni si la bei, ni la mahali. Nami naona wana haki, na nawasikitikia wale ambao hukusanya kwa kujaza makopo tu, kwa maana jina la sultani husomeka hata miaka mia ijayo, lakini kumbukumbu ya mahali hufa na mwokotaji.

Mfano ulio bora watoka mbali. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari wa Australia aliyekuwa zamu ya rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile, aliokota mchangani sarafu tisa, nne za Kiholanzi na tano za Kilwa. Alizihifadhi kwa miaka mingi pasipo kujua thamani yake, hata mwaka 1979 alipozipeleka kwa wataalamu. Lakini alikuwa amefanya jambo moja la busara, alitia alama katika ramani pale alipoziokotea. Namna fulusi za Kilwa zilivyovuka bahari yote ile ni mjadala usiokwisha, na kwamba unaweza kujadiliwa ni kwa fadhili ya alama ile, ambayo watafiti waliokwenda visiwani humo mwaka 2013 waliifuata.

Kwetu Tanzania sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na fulusi za Kilwa zimo ndani ya ulinzi huo, ijapokuwa wageni wafikao magofuni hawakosi kuulizwa iwapo wataka kununua. Katika kisiwa cha Songo Mnara, jirani ya Kilwa Kisiwani, wachimbaji wa miaka ya karibuni walisajili kila sarafu pale pale ilipolala, na wakaona kwamba si zote zilianguka njiani wala katika majumba ya biashara: nyingine zilikuwa kandokando ya makaburi, ambako wenyeji wa mji ule walikwenda kuwazuru wafu wao, na yamkini waliziweka pale kwa kusudi, kuwa sadaka.