Nani Mwenye Neno juu ya Pori: Historia ya Ardhi ya Handeni na Korogwe

Wasambaa walikuwa na mfalme, Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka mji wa Vugha hadi alipofariki mwaka 1862. Wazigua wa Handeni hawakuwa na mfalme wa namna hiyo. Kila ukoo ulisikiliza wazee wake, na wazee walikuwa na misitu yao: pa kuzikia, pa kutambikia mvua ikichelewa, pa kuwafundia vijana. Humo shoka halikuingia, na aliyekata mti alitozwa mifugo mbele ya ukoo. Watafiti waliopita Handeni miaka ya 1990 waliikuta misitu hiyo kwa mamia, mingi midogo tu, imesimama bila askari wala bango.

Serikali zilikuja na maandishi. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola, na wao ndio waliokuwa wakiamua nani ni mwenyewe. Bonde la Korogwe likajaa mkonge, vijiji vikabanwa katikati ya mashamba makubwa. Waingereza wakawapa mazumbe, yaani machifu, madaraka kwa sheria ya 1926, lakini zumbe wa aina hiyo alimjibu Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, kabla ya kuujibu ukoo. Uchifu ukafutwa mwaka 1963.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo iliyowarudishia watu neno, na ile ya Misitu ya 2002 ikaruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe. Halmashauri ya kijiji husimamia, mkutano mkuu huridhia. Mtendaji huandika muhtasari, karatasi ya mahudhurio huzungushwa, asiyejua kuandika huweka dole gumba, na bibi kizee hunyoosha mkono sawa na mwenyekiti. Mimi naiheshimu mno karatasi ile. Tatizo ni kwamba kifungu cha 4 cha Sheria hiyohiyo ya Ardhi ya Vijiji kinamruhusu Rais kuihaulisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma.

Juni 2022 kaya za kwanza za Wamasai waliohamishwa na serikali kutoka Ngorongoro zilishushwa kijijini Msomera, Handeni, kila moja ikipewa nyumba ya vyumba vitatu kwenye ekari 2.5 na shamba la ekari 5. Waliokuwapo tangu awali wakalalamika kwamba maeneo yao yamepimwa na kugawiwa wengine. Aliyehamishwa si adui yao; naye ameacha malisho na makaburi ya wazee wake. Wote wawili walistahili kuulizwa mkutanoni, na majibu yao kuandikwa, kabla mpima ardhi hajachomeka kigingi cha kwanza.