Kabla ya Kabati la Vioo: Kumbukumbu za Mbulu na Hanang

Mzee wa Kibarabaig aliyeishi kwa heshima akifa, kumzika si kazi ya siku moja. Baraza la wazee hukaa kwanza kuamua kama anastahili bung'ed, kwa maana heshima hiyo haiombwi wala hainunuliwi. Wakikubali, juu ya kaburi lake hujengwa kilima cha udongo kinachopita kimo cha mtu, na mazishi huchukua miezi 9. Udongo hupandishwa hatua kwa hatua, ng'ombe hutolewa, pombe ya asali hutengenezwa, na ndugu na wakwe hufika kutoka mbali. Mtoto wa miaka mitano anayeletwa pale na mama yake huondoka akijua marehemu alikuwa nani, ukoo wake ni upi na mipaka ya malisho yao inaishia wapi.

Naanza na kaburi kwa sababu makala hii inahusu makumbusho. Tumezoea kudhani kwamba makumbusho yaliletwa kwetu na mkoloni: jengo, kabati la vioo, kadi yenye maandishi madogo, mlinzi anayekataza kugusa. Jengo alilileta yeye, ndiyo. Lakini kukumbushana ni kazi ambayo watu wa Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, waliifanya kwa ustadi mkubwa kabla ya hapo. Tukifuata historia ya makumbusho Afrika Mashariki, tunaona kwamba mambo mapya yaliyofanikiwa kuwavuta wananchi yote yanarudi kwenye kanuni moja ya bung'ed: wenye kumbukumbu ndio wanaoijenga, kwa mikono yao.

Wairaqw nao wana slufay, maneno ya baraka na sala anayoyatoa mzee mbele ya watu. Mzee anatangulia, waliokaa wanaitikia, na mwitikio wao ndio unaomsukuma mbele. Ukiirekodi sauti ya mzee peke yake ukaiweka kwenye chumba kitupu, umechukua nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwa waitikiaji.

Wakusanyaji wa kwanza walichukua nusu hizo. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alifanya uchimbaji kandokando ya Ziwa Eyasi, nchi ya Wahadzabe na Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao. Mabaki aliyofukua yalisafirishwa hadi Ujerumani. Alisikiliza pia hadithi za Wahadzabe, akaziandika, na katika miaka ya 1950 zikatoka vitabuni kwa Kijerumani. Mjukuu wa msimulizi aliyebaki bonde la Yaeda hakuwa na njia ya kuzisoma. Sisemi kazi ile haina thamani. Bila yeye baadhi ya hadithi huenda zingepotea kabisa. Lakini jambo la kuzihifadhi mahali ambapo wenyewe hawafiki ni la kuumiza, na linaumiza hadi leo.

Chukua sketi ya ngozi ya msichana wa Kiiraqw. Ni ngozi ya mbuzi iliyopikichwa hadi ikawa laini kama kitambaa, ikashonewa shanga ndogo za kioo, moja baada ya nyingine, mistari kwa mistari. Shanga zenyewe zilitoka ng'ambo na kupita mikono mingi ya wafanyabiashara hadi kufika nyanda za juu za Mbulu. Wasichana walizishona walipokuwa ndani, katika unyago ulioitwa marmo, ambao uliachwa enzi za ukoloni. Sketi za namna hiyo zipo leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zimetandazwa vizuri chini ya taa hafifu. Zinapendeza sana. Ila sketi ile ilishonwa na msichana fulani, akiwa na wenzake fulani, mikono ikishona na masikio yakipokea mafunzo ya wakubwa. Kadi iliyo pembeni huandika jina la kabila na aina ya ngozi, na mshonaji hatajwi.

Kwa upande wa serikali, makumbusho ya Dar es Salaam yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1940, yakiitwa kwa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1966 ikaja hatua kubwa: Kijiji cha Makumbusho, nje kidogo ya katikati ya jiji, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali zikiwa zimesimama uwanjani, kubwa kama zilivyo, na mgeni anainama kuingia mlangoni. Wazo lilikuwa zuri. Jina likashika eneo zima, na hadi leo makondakta wa daladala huita "Makumbusho! Makumbusho!" kutwa nzima, huku abiria wengi wakipita pale miaka na miaka bila kuvuka geti.

Tatizo la nyumba ni kwamba huhitaji mtu. Nyumba ya udongo isiyofukizwa moshi huliwa na mchwa, na isiyokandikwa kila msimu huoshwa na mvua. Mtu wa Mbulu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Nyumba ya zamani ya Kiiraqw ilichimbwa kwenye mteremko wa kilima, paa lake bapa likafunikwa udongo hadi likalingana na ardhi ya nyuma, ili Wamaasai waliokuja kuteka ng'ombe wapite bila kuiona. Ukiihamishia uwanja tambarare wa jijini, bila kilima, bila ng'ombe ndani na bila hofu ya adui, unapata umbo lake tu.

Kijiji cha Makumbusho kililitambua hilo. Katika miaka ya 1990 kikaanzisha siku za utamaduni wa jamii, na naziona kuwa ndiyo uvumbuzi mkubwa zaidi katika historia ya makumbusho ya nchi hii. Jamii moja inapewa uwanja. Wenyewe, wakiwemo waliohamia jijini zamani, wanaunda kamati yao, wanachagua ngoma, wanapika vyakula vyao, wanaamua historia yao isimuliwe vipi na nani. Mhifadhi aliyezoea kuwaeleza wageni habari za kabila fulani anakaa kwenye benchi kusikiliza. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga makumbusho wakaanza kuja na wazazi wao, kwa sababu safari hii walioalikwa ndio waliokuwa wenyeji.

Wengine walikuwa wamelifikia hilo mapema. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanza mwaka 1908, yaliitwa na Waganda nyumba ya mayembe, kwa sababu yalijaa vitu vya uganga, na watu wakayaogopa. Mtaalamu wa muziki Klaus Wachsmann alipokuwa mhifadhi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, aliwaleta wapigaji wenyewe wapige ala zile ndani ya makumbusho, na mtu akasikia marimba ya amadinda badala ya kutazama vipande vya mbao.

Kisesa, karibu na Mwanza, Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyofunguliwa mwaka 1968. Ngoma za watemi zimehifadhiwa pale. Lakini kinachowafikisha watu kwa maelfu ni Bulabo, sikukuu ya Ekaristi iliyounganishwa na mashindano ya ngoma kati ya vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Sijui kama kuna makumbusho mengine duniani ambapo watazamaji hupiga kura kwa miguu yao namna hiyo.

Kenya nako, mwaka 1994 Sultan Somjee, mwanaethnografia wa Makumbusho ya Taifa, alianza kusaidia jamii kuunda makumbusho yao ya amani. Hakuanza kwa kujenga. Aliuliza: ni kitu gani kwenu hutumika kupatanisha? Kwa Wapokot kulikuwa na leketyo, mkanda wa ngozi wenye shanga anaovaa mama mjamzito. Mama akiuweka kati ya wapiganaji, wapiganaji husimama. Kitu kidogo kinachoweza kufungwa kwenye kanga, na ndicho kikawa msingi wa makumbusho.

Swali hilo la Somjee lingefaa sana kwetu, kwa sababu Hanang ina jeraha linalohusu kumbukumbu moja kwa moja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, ikisaidiwa na Kanada, ilianzisha mashamba ya ngano katika uwanda wa Basotu chini ya shirika lake la kilimo na chakula, NAFCO. Yakafikia ekari zipatazo 100,000, katika malisho bora ya Wabarabaig. Majina ya mashamba yalichukuliwa papo hapo: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd, Warret. Matrekta yalipita. Na bung'eda, vile vilima vya miezi 9, vingi vikalimwa pamoja na majani. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani mwaka 1981. Kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Wazee walifika hadi kuwaandikia wananchi wa Kanada barua ya wazi, wakiwaeleza yaliyoyapata makaburi yao.

Dereva wa trekta aliona kichuguu. Mhandisi kwenye ramani hakuona kitu. Kwa Mbarabaig pale palikuwa hati ya ardhi, kitabu cha ukoo na mahali pa sala kwa pamoja. Katika hasara zote zilizowahi kuupata urithi wa Manyara, hii ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, nami sielewi kwa nini hutajwa mara chache tunapozungumzia uhifadhi.

Ndiyo maana Haydom inanipa faraja. Mji huu wa wilaya ya Mbulu, uliokua kandokando ya hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, uko mahali pa ajabu kilugha. Wairaqw ni Wakushi, Wadatoga ni Waniloti, Wanyisanzu na Wanyiramba ni Wabantu, na Wahadzabe wanazungumza lugha yenye vidoko. Katika miaka ya 2000 ulizaliwa hapo mpango wa utamaduni wa pembe nne, unaojulikana kwa kifupi 4CCP, wenye kituo chake Haydom na tamasha linalozikutanisha jamii hizo. Wahadzabe wanafika na pinde zao, Wadatoga na mruko wao, na hakuna kundi linaloonyeshwa na kundi lingine. Kwa wazee wa huko ujirani huo si mgeni: Muiraqw mwenye mtoto mgonjwa alizoea kwenda kwa mganga wa Kidatoga, akiamini kwamba wageni wana nguvu asizokuwa nazo yeye. Kijana aliyekua akiwaita majirani zake Mang'ati, neno la Kimaasai lenye maana ya adui, anasikia kwa masikio yake kwamba wenyewe hujiita Datoga.

Kituo cha namna hiyo kina kazi nyingine, ya kusahihisha. Mara ngapi umesikia kwamba Wairaqw walitoka Iraki? Ole Bjørn Rekdal, mwanaanthropolojia wa Norway, alionyesha mwaka 1998 jinsi dhana hiyo ilivyoanza kama kisio la wasomi wa Kizungu, ikarudiwa vitabuni na shuleni, mwishowe ikasimuliwa kijijini kana kwamba ni urithi wa mababu. Hata Kihadza, kilichowekwa zamani katika kundi la Khoisan kwa sababu ya vidoko, leo wanaisimu wengi wanakiona hakina ndugu. Kadi ya makumbusho ikiandikwa vibaya, baada ya miaka 50 inatoka kinywani mwa babu. Afadhali iandikwe na babu mwenyewe akiwa hai, wajukuu wakimbishia.

Na kuna jambo la haraka. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Picha za helikopta na za viongozi waliofika zimehifadhiwa vizuri. Ningependa tupate pia ramani ya Katesh ya siku iliyotangulia, ichorwe chini kwa kijiti na wale waliokuwa wakiuza pale, wakibishana: fundi cherehani alikaa upande huu, vitunguu viliuzwa pale, nyumba ya kona ilikuwa ya nani, na jirani yake aliitwa nani.