Dawa za shosho na swali la nani atajibu

Shosho yangu alipoaga mwaka jana, aliacha redio, leso kadhaa na mfuko wa dawa. Huo mfuko ndio ulinisumbua. Ndani kulikuwa na dawa za presha na vidonge vya sukari, na kwa mlango wa friji chupa mbili za insulini. Pakiti zingine hazikuwa zimefunguliwa hata kidogo, na tarehe ya kuisha ilikuwa bado mbali. Mathe akaniambia, "Zirudishe zilikotoka, zisaidie mtu mwingine."

Nikazipeleka. Dada wa dirisha la dawa alizitazama, akanirudishia. Dawa ikishatoka hairudi. "Mgonjwa mwingine akizitumia akadhurika," akaniuliza, "nani atajibu?"

Manze, niliudhika. Kwa ploti yetu kuna mama anakunywa dawa hizo hizo za presha. Mwezi ukiwa mgumu anakunywa leo, anaruka kesho. Lakini swali la yule dada halikuniacha, nikaanza kulifuata. Kumbe lina historia, na historia yenyewe imejaa watu wenye roho safi waliosababisha balaa.

Tuanze Armenia. Desemba 1988 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga huko, ikiwa bado sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Dunia ikatuma tani kama 5,000 za dawa na vifaa vya matibabu. Inasikika poa, sivyo? Watu 50 walifanya kazi miezi sita kupanga tu vilivyofika. Ni asilimia 30 pekee ya dawa zilizotambulika kwa urahisi. Zingine zilikuwa zimeisha muda, zingine zimeharibiwa na baridi.

Karibu na sisi, Eritrea. Wakati wa vita vya kupigania uhuru, walieleza kwa makini ni nini walihitaji. Bado wakaletewa malori saba ya aspirini iliyoisha muda. Kuichoma kulichukua miezi sita. Hebu fikiria: nchi iko vitani, na kuna watu kazi yao ni kuchoma msaada.

Halafu Lithuania, 1993. Wanawake 11 walipoteza uwezo wa kuona kwa muda baada ya kupewa dawa iliyotoka kwa msaada. Iliitwa closantel. Ilifika bila karatasi ya maelezo, madaktari wakajaribu kubahatisha matumizi yake kwa kulinganisha jina na dawa zingine. Kumbe ni dawa ya minyoo ya mifugo.

Na Bosnia, kati ya 1992 na 1996, watafiti walikadiria kwamba tani 17,000 za dawa zilizotumwa hazikufaa. Gharama ya kuziharibu ilikadiriwa kuwa dola milioni 34 za Marekani. Kumbuka kuharibu dawa kunagharimu pesa hata Ulaya. Ukizituma kwa mwenye shida, mzigo umehama, na wewe unaitwa mfadhili.

Hapo ndipo nilianza kumwelewa yule dada. Katika hizi stori zote, mtoaji alikuwa amekingwa na umbali. Mgonjwa wa kijijini angeanzia wapi kumshtaki mtu aliyejaza boksi nchi nyingine?

Mei 1996 Shirika la Afya Duniani, WHO, likatoa mwongozo wa misaada ya dawa. Mpokeaji aseme anachotaka. Dawa ikifika iwe imebakisha angalau mwaka mmoja. Kama hukubali dawa fulani kwenu kwa sababu ya ubora, usimpe mwenzako. Na dawa ambazo wagonjwa walishapewa wakazirudisha, yaani kama za shosho, zisitumwe kabisa. Mwongozo mzuri, lakini mwongozo si sheria. Ukiuvunja hakuna korti inayokuita.

Mwaka huo huo, Oktoba, Rais Clinton wa Marekani alitia saini sheria ya kuwakinga wanaotoa chakula. Inaitwa Bill Emerson Good Samaritan Food Donation Act. Ukitoa chakula kwa nia njema na mtu akaumwa tumbo, hushtakiwi, isipokuwa ulifanya uzembe mkubwa au ulikusudia. Sheria hiyo haikugusa dawa. Kwa hivyo dawa ziliendelea kutupwa. Mzee akifariki kwenye nyumba ya kutunzia wazee, au daktari akimbadilishia dawa, vidonge ambavyo havijaguswa vilichomwa au kumwagwa chooni. Huku nje kuna mtu anaruka siku, kama yule mama wa ploti.

Majimbo yakaanza kujitungia sheria zao. Huko Tulsa, Oklahoma, madaktari waliostaafu walikuwa wakizunguka nyumba za wazee kukusanya dawa na kuzipeleka kwa famasi ya kaunti. California ilipitisha sheria yake mwaka 2005, na Iowa ikaanza mpango wake 2007. Leo majimbo zaidi ya 40 yana sheria ya aina hiyo.

Sasa soma vizuri jinsi hizo sheria zimeandikwa. Anayetoa, mfamasia anayegawa, na mara nyingi hata kampuni iliyotengeneza, wanapewa kinga. Lakini kinga inauzwa, na bei yake ni masharti. Kwa kawaida dawa iwe kwenye pakiti iliyofungwa, ambayo ukiifungua inaonekana. Iwe haijaisha muda. Mfamasia aikague. Jina la mgonjwa wa kwanza lifutwe. Dawa za kulevya zinazodhibitiwa zisiingie. Ukifanya uzembe mkubwa, kinga inaanguka.

Kuna mtu ataniambia kinga kama hiyo inamnyima maskini haki ya kushtaki. Ni hoja nzito na siipuuzi. Maskini akipewa dawa mbovu, mwili unaoharibika ni wake. Ndiyo maana masharti ni muhimu kuliko kinga yenyewe. Kinga bila masharti ni Bosnia. Masharti bila kinga ni yule dada wa dirishani: anaogopa, na ana haki ya kuogopa, kwa hivyo kila kitu kinatupwa. Ufaransa walikuwa wakikusanya dawa zilizobaki na kutuma sehemu nchi maskini, lakini tangu mwisho wa 2008 hilo limekatazwa. Zinakusanywa na kuchomwa. Waliona kusimamia ubora mbali na kwao ni ngumu mno. Marekani ilienda njia nyingine: dawa ibaki karibu, ikaguliwe, itolewe na mtu anayejulikana jina.

Mimi niko upande huo wa pili. Bunge letu likikaa kuandika kitu kama hicho, lianze na mgonjwa wa mwisho, yule anayemeza, ndiyo limfikirie mtoaji.

Sasa mfuko wa shosho. Insulini hapana. Stima ilipotea nyumbani mara kadhaa, na chupa inayotakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 haikukaa hapo. Hakuna anayeweza kujua hilo kwa kuiangalia tu, na hapo ndipo nilielewa ukaguzi ni wa nini. Vidonge vya presha vilivyofungwa bado viko juu ya kabati. Sijampa mama wa ploti, kwa sababu mimi si mfamasia, na yeye akianguka mimi ndiye wa kujibu.

Jana nilimpata kwa ngazi, nikamwuliza habari ya dawa. Akasema, "Leo nimekunywa, mwanangu. Kesho tutaona."