Mageuzi ya ushirikiano

Mageuzi ya ushirikiano ni uwanja wa nadharia ya michezo unaochunguza jinsi wanaotafuta faida yao wenyewe wanavyofikia kusaidiana bila kulazimishwa. Chombo chake kikuu ni mtanziko wa mfungwa, mchezo uliobuniwa mwaka 1950 na Merrill Flood na Melvin Dresher wa shirika la RAND, Marekani. Jina na kisa cha washukiwa wawili vilitoka kwa mwanahisabati Albert Tucker.

Kila mchezaji huamua kushirikiana au kusaliti bila kujua uamuzi wa mwenzake. Kwa alama zilizozoeleka, wakishirikiana kila mmoja hupata 3, wakisalitiana 1. Anayemsaliti mwaminifu hupata 5 na kumwacha mikono mitupu. Wakikutana mara moja tu, kusaliti kunalipa vyovyote afanyavyo mwenzake. Wakijua watakutana tena, hesabu hugeuka. Ndiyo sababu upatu hudumu mtaani: aliyepokea wa kwanza angeweza kuacha kuchangia, lakini wenzake atawahitaji kesho, na mzunguko mwingine unakuja.

Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaalika wataalamu watume programu za kompyuta zipambane katika mchezo huu wa kurudiarudia. Kati ya 14 zilizotumwa ilishinda ile fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: huanza kwa kushirikiana, kisha hutenda alivyotenda mwenzake raundi iliyopita. Kuiita "jino kwa jino" ni kuisahau nusu yake, maana hurudisha wema kama inavyorudisha ubaya. "Nipe nikupe" inaifaa zaidi. Katika mashindano ya pili zilitumwa programu 62, watungaji wakiwa wameshayajua matokeo ya kwanza, na bado ikashinda. Ajabu ni kwamba haiwezi kumpita mpinzani kwa alama katika pambano lolote. Ilishinda kwa kuchuma pamoja na wengi.

Mwaka 1981 Axelrod na mwanabiolojia William Hamilton walionyesha kuwa kundi dogo la wanaorudishiana wema laweza kuota mizizi katikati ya wasaliti, mradi wakutane wao kwa wao vya kutosha.

Udhaifu wa nipe nikupe ni kosa la bahati mbaya: likitokea mara moja, wawili huanza kulipizana bila kikomo. Mwaka 1992 Martin Nowak na Karl Sigmund waligundua kwamba, makosa yakiwepo, nipe nikupe huwapunguza wasaliti kisha yenyewe humpisha mkarimu zaidi, ambaye kwa alama zilizotajwa husamehe usaliti takriban mara moja kati ya tatu.