Indiketa ya Mgongoni: Nani Abebe Mzigo wa Giza?

Rafiki yangu mmoja kazini ameletewa zawadi na dada yake anayeishi Ujerumani: kizibao cha kuendeshea baiskeli chenye taa mgongoni. Unabonyeza kitufe cha kushoto, mshale wa kushoto unawaka na kuzimika. Cha kulia, hivyo hivyo. Basi chumba cha habari kizima kikageuka kijiwe. Je, mtu wa baiskeli anayetembea usiku anahitaji indiketa ya kuvaa, au ni mbwembwe tu? Mmoja akasema hicho kitu kinaokoa maisha. Mwingine akasema ni ulimbukeni wa wenye hela.

Mimi nikaingia kwenye historia. Nilichokuta ni kwamba ubishi huu ni wa zamani kuliko babu zetu, na haukuwahi kuwa wa taa peke yake. Watu walikuwa wanabishania nani abebe mzigo wa giza, anayegonga au anayegongwa.

Twende Uingereza kwanza, maana hata huku kuendesha kushoto tulirithi kwao. Mwaka 1888 Bunge lao lilipitisha sheria ya serikali za mitaa, na ndani yake wakachomeka kifungu kinachoitambua baiskeli kama chombo cha barabarani. Kuanzia saa moja baada ya jua kuzama hadi saa moja kabla ya kuchomoza, mwendeshaji alitakiwa awe na taa inayomulika mbele. Kumbuka hapo magari hayajafika. Barabarani kulikuwa na farasi, mikokoteni na watembea kwa miguu, na baiskeli ndiyo ilikuwa chombo cha kasi. Kwa hiyo taa ile ilikuwa ya kuwaonya wengine kwamba huyu anakuja. Mwenye kasi ndiye aliyebebeshwa mzigo. Nadhani hiyo ilikuwa haki kabisa.

Kisha gari likaja, na mambo yakapinduka. Sasa wa baiskeli akawa ndiye anayefuatwa kutoka nyuma, na wenye magari wakaanza kudai awe na taa nyekundu ya nyuma. Chama cha Cyclists' Touring Club, kilichoanzishwa 1878, kilipinga dai hilo kwa miaka mingi. Ukisikia hivyo haraka haraka unaweza kuwaona watu wale wajinga: nani anapinga taa? Lakini sikiliza hoja yao.

Walisema hivi: dereva hana ruhusa ya kwenda kwa kasi inayozidi pale mwanga wa taa zake unapoishia. Kama huwezi kusimama ndani ya sehemu unayoiona, unaendesha kipofu. Ukimlazimisha wa baiskeli awashe taa nyuma, dereva atazoea kwamba kila kilichopo mbele yake kinawaka, ataongeza mwendo, na siku akikutana na kisichowaka atakipitia. Hebu fikiria barabara zetu usiku. Mkokoteni una taa? Ng'ombe je? Na yule mama anayetoka sokoni na beseni kichwani? Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda. Hoja ya Waingereza wa miaka ya 1920 inaieleza barabara ya kwetu vizuri kuliko semina nyingi za usalama nilizotumwa kuripoti.

Walikuwa pia na sababu ya kifundi. Taa za mafuta za enzi zile zilikuwa zinazimika kwa mtikisiko, na iliyo nyuma ikizimika wewe mwenyewe hujui. Unaendelea kunyonga pedeli ukiamini unaonekana, kumbe uko gizani. (Sisi tuliokulia kwenye dainamo ya kusugua tairi tunaijua shida ya namna hiyo: ukisimama njia panda, taa inakufa, na njia panda ndipo unapoihitaji zaidi.)

Sheria ya taa ya mwaka 1927 ilipatanisha pande mbili kwa muda. Wa baiskeli aliruhusiwa kuweka nyuma kioo chekundu kinachorudisha mwanga, ile tunayoita rifleka, badala ya taa. Mwaka 1934 wakaongeza sharti la sehemu iliyopakwa rangi nyeupe nyuma. Mwaka huo huo wa 1934 watu 7,343 walikufa barabarani Uingereza, 1,536 kati yao wakiwa wa baiskeli. Halafu ikaja vita. Kuanzia Septemba 1939 miji ilizimwa taa ili ndege za Wajerumani zisione shabaha, magari yakawa yanatembea na taa zilizofunikwa, na barabara zikaanza kuua kupita kawaida: vifo 9,169 mwaka 1941. Katika giza hilo taa nyekundu ya nyuma ikawa lazima. Vita ilipokwisha, giza la vita likaondoka lakini sharti likabaki, kwa sheria iliyopitishwa 1945. Ubishi wa miaka mingi uliishia hapo, na mzigo ukabaki mgongoni kwa wa baiskeli.

Indiketa nazo zina safari yao. Dereva na mwendesha baiskeli wote walikuwa wanaonyesha kwa mkono. Gari lilipofungwa vioo, mkono ukawa taabu, ndipo vikaja vibao vinavyochomoza ubavuni, na mwaka 1939 kampuni ya Buick ya Marekani ikaanza kutoa magari yenye taa za kuwaka na kuzimika. Baiskeli haikuwa na vioo, mkono ukaendelea. Wajapani walijaribu miaka ya 1970: baiskeli za watoto wa kiume zilijaa taa nyuma zinazokimbia kushoto na kulia kama za magari ya kifahari, na mabetri makubwa mazito. Watoto walizipenda sana, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 fasheni ilishapita. Baadaye Mmarekani Leah Buechley, aliyebuni vifaa vya umeme vya kushonwa kwenye nguo vilivyoanza kuuzwa 2007, akaonyesha jinsi mtu anavyoweza kujishonea koti la indiketa nyumbani. Ujerumani, ambako sheria ya taa za baiskeli ni kali, indiketa kwenye baiskeli za kawaida ziliruhusiwa 2024 tu. Ziliruhusiwa, hazikulazimishwa. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa.

Sasa nisikwepe swali. Upande wa kizibao una hoja moja nzito: usiku mkono mweusi ndani ya shati jeusi hauonekani, na kwenye barabara yenye mashimo na mchanga pembeni, kuachia usukani mkono mmoja ni kamari. Hilo nalikubali.

Ila angalia mengine. Taa mbili zilizokaribiana mgongoni, kwa mbali zinaonekana kama moja, na dereva hajui ni kushoto au kulia. Mgongo wako huuoni, kwa hiyo unaweza kuwa umeshakata kona zamani na mshale bado unawaka. Ile hoja ya taa ya mafuta imerudi kwa umeme. Na kubwa kuliko yote, indiketa inamwambia dereva unakwenda wapi, wakati shida ya usiku huanzia nyuma ya hapo: hajajua kama upo.

Kuna utafiti uliochapishwa 2012 kutoka Australia. Madereva waliendesha usiku kwenye uwanja wa majaribio na kutakiwa kusema wanapomtambua mtu wa baiskeli. Aliyevaa nguo nyeusi alitambuliwa mara 2 katika 100. Kizibao cha rangi kali kisicho na rifleka, mara 15. Kizibao chenye rifleka, 50. Walipoongeza vipande vya rifleka kwenye vifundo vya miguu na magoti, ikapanda hadi 90, kwa sababu miguu inayopanda na kushuka macho ya binadamu huijua mara moja kuwa ni mtu. Hakuna betri hapo, hakuna kitufe.

Kwa hiyo mimi nikiwa na hela kidogo ningeanza na miguu, nifuate na taa nyekundu ya nyuma, kisha utepe wa rifleka kwenye viganja ili mkono wa kuonyeshea kona uwake wenyewe ukimulikwa. Kizibao cha mishale anayetaka avae. Nitakachokipinga ni siku mtu wa bima atakaposimama mahakamani na kuuliza marehemu alikuwa na indiketa au hakuwa nayo. Maana watu wa baiskeli ninaokutana nao alfajiri wakiingia mjini wamefunga magunia ya mkaa kwenye keria, yamepanda hadi juu ya kichwa. Huyo umvalishe mshale mgongoni, nani atauona?