Usahihi wa Saa katika Mashine Pepe: Mfano wa Mpaka wa Kasumulu

Katika mpaka wa Kasumulu, wilayani Kyela, Mto Songwe hutenganisha pia majira. Tanzania ipo saa 3 mbele ya saa ya kimataifa (UTC), Malawi saa 2. Saa 4:00 asubuhi upande wa Malawi ni saa 5:00 upande wa Tanzania.

Tofauti hiyo hukokotolewa na kompyuta bila shida. Hatari ipo pale saa ya kompyuta yenyewe inapokosea. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva, ikisitishwa kwa muda kisha ikarejeshwa, saa yake huweza kubaki nyuma. Kumbukumbu zikitunzwa kwa saa hiyo, mzigo huweza kuonekana umeingia nchini kabla ya kutoka Malawi, na mfanyabiashara akatakiwa kueleza kosa lisilo lake.

Kinga ni tatu: kutunza kumbukumbu kwa UTC na kuonesha saa za nchi kwenye skrini pekee, kusawazisha saa kupitia itifaki ya NTP, bila kuichanganya na usawazishaji wa seva mwenyeji, kwani njia hizo mbili huweza kupingana, na kukagua saa kila mashine inaporejeshwa kazini.